ZITKALA-ŠA: NDEGE MWEKUNDU ALIYEIRUDISHA HADITHI DARASANI

Katika kurasa hizi mmezoea kukutana na akina Shaaban Robert, Mwana Kupona na Muyaka bin Haji, na bila shaka wengi wenu mlidhani mwaka huu pia nitawaletea mmoja wao. Hapana. Safari hii nimevuka bahari hadi Marekani, kwa mwanamke ambaye sidhani wengi wenu mmewahi kumsikia, ingawa kwao sura yake imepigwa chapa kwenye sarafu ya serikali. Jina lake ni Zitkala-Ša. Hiyo S yenye alama kichwani hutamkwa kama sh, na maana ya jina zima ni Ndege Mwekundu. Hakuzaliwa nalo. Alijipa mwenyewe akiwa mtu mzima, na sababu yake nitaieleza tukifika huko.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1876 katika nchi ya Dakota, mahali ambapo leo ni jimbo la South Dakota. Watu wake ni Wayankton, tawi moja la taifa kubwa ambalo vitabuni huitwa Sioux. Sisi tumezoea kuwaita watu wa aina hii Wahindi Wekundu, jina lililotokana na kosa la Columbus aliyedhani amefika India. Si Wahindi, na wala si wekundu. Ni wenyeji wa bara lile tangu jadi, na mimi nitawaita hivyo, wenyeji. Mwaka huohuo wa 1876, mwezi wa Juni, ndugu zao Walakota na Wacheyenne waliliangamiza kundi la wanajeshi wa Custer kwenye vita vya Little Bighorn, lakini ushindi huo haukuwasaidia siku nyingi. Wayankton wenyewe walikuwa wamekwisha kutia sahihi mkataba mwaka 1858, wakaachia sehemu kubwa mno ya ardhi yao na kubaki na kipande kando ya mto Missouri. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Ni rizavu, kama zile za wakati wa mkoloni hapa kwetu.

Baba yake alikuwa Mzungu aliyemwacha mama kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo alilelewa na mama peke yake, Taté Iyòhiwin, katika hema la turubai karibu na mto. Mtoto alipewa jina la Kizungu, Gertrude Simmons. Mchana alimfuata mama kuteka maji, alifundishwa kudunga shanga kwenye ngozi, na kucheza na watoto wenzake vilimani. Lakini saa aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya chakula cha jioni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa saa ya hadithi. Mama alimtuma kwenye mahema ya jirani kuwaalika wazee waje kula nao, na alimwonya kwamba akikuta mzee ana safari yake, asimsumbue. Aone kwanza, ndipo aseme. Wakishakula, mtoto alijilaza, kichwa kwenye paja la mama, macho kwenye nyota, akawaomba wazee wasimulie habari za Iktomi.

Hebu niwaambie kidogo juu ya huyu Iktomi, maana bila yeye makala haya hayaendi mbele. Iktomi ni buibui, na pia ni mtu. Ni mjanja, mvivu, mlafi na mwongo, na aghalabu ujanja wake humtia yeye mwenyewe kitumbua mchanga. Mkimchanganya sungura wetu na fisi wetu katika ngozi moja, mtakuwa mmempata Iktomi.

Mwaka 1884, mtoto akiwa na miaka minane, walikuja wamisionari wa madhehebu ya Kwekwa kutafuta watoto wa kupeleka shule huko mashariki. Kaka yake alikuwa amekwisha kusoma huko na kurudi. Watoto wenzake walimwambia kwamba katika nchi ile kuna matofaa makubwa mekundu, mtu anachuma mpaka anashiba, na kwamba watapanda farasi wa chuma, yaani gari la moshi. Basi! Mtoto wa watu alilia akitaka kwenda. Mama hakutaka. Alijua fika kwamba binti yake ataumia. Mwishowe alikubali, na sababu yake imenikaa moyoni tangu niliposoma habari hizi: aliona kwamba Wazungu walikuwa na deni kubwa kwa ardhi waliyoichukua, na hii elimu pengine ilikuwa mwanzo wa kulilipa, ingawa umechelewa. Tena aliona siku zinakuja ambapo Wazungu watakuwa wengi kuliko wao, na binti asiyejua kusoma atapotea. Mzazi gani wa Kenya hajawahi kufikiri namna hiyo?

Matofaa hayakuwa kama walivyodhani. Shule yenyewe ilikuwa White's Manual Labor Institute, mjini Wabash katika jimbo la Indiana, na kama jina linavyosema, ilikuwa shule ya masomo na kazi za mikono. Asubuhi ya kwanza kengele ililia chakulani, na msichana wetu akavuta kiti akaketi. Kumbe kengele ya kwanza ni ya kuvuta kiti tu. Akaona wenzake wamesimama, naye akaanza kusimama kwa aibu, kengele ya pili ikalia, wote wakaketi. Akageuka kumtazama anayesema maneno mwisho wa ukumbi, akakuta wengine wote wameinamisha vichwa na mwanamke mmoja wa Kizungu anamkazia macho. Kengele ya tatu ilipolia wenzake wakashika uma wakala. Yeye aliangua kilio. Sisi wa shule ya kutwa tunaocheka kengele za wenzetu wa bweni, tutulie kidogo hapo.

Siku hiyohiyo mwenzake aliyejua Kiingereza kidogo alimnong'oneza kwamba watakatwa nywele. Najua mtasema, ni nini hicho? Wasichana wangapi hapa kwetu wamenyolewa kipara wakiingia kidato cha kwanza, na tukasoma na kupita mitihani? Lakini kwa Wadakota nywele fupi ni za aliyefiwa, na nywele za kukatwakatwa ni za mwoga. Shujaa aliyetekwa vitani ndiye aliyekatwa nywele na adui. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane alielewa jambo moja tu, kwamba ametekwa. Alipanda ghorofani polepole, akajificha chini ya kitanda kwenye kona ya giza. Walimtafuta, wakamwita jina, akanyamaza. Walipomgundua walimburura, huku akipiga mateke na kukwaruza, wakamfunga kwenye kiti, na makali ya mkasi yakagusa shingo yake. Misuko yote ikaenda. Aliandika baadaye kwamba hapo ndipo roho yake ilipokatika, na kwamba alimlilia mama yake, lakini hakuna aliyekuja kumbembeleza.

Lugha pia ilikatwa. Walikatazwa kusema Kidakota, na Kiingereza hawakukijua. Kuna kisa kimoja ambacho ukikisoma hujui ucheke au ulie. Wasichana watatu wadogo walicheza kwenye theluji, wakajiangusha ili waone alama za miili yao, jambo lililokatazwa. Wakaitwa kwa mwalimu. Yule mmoja aliyejua Kiingereza kidogo aliwafundisha wenzake haraka haraka kwamba yule mama akimaliza kusema na kuwatazama, wajibu kwa neno moja tu, neno la kukataa. Wa kwanza akaingia. Mwalimu akamuuliza kama atatii siku nyingine. Akakataa. Akachapwa kwa kiatu laini, akaulizwa tena, akakataa tena, akachapwa zaidi, na huku analia anazidi kukataa, maana hilo ndilo neno pekee alilokuwa nalo. Iliendelea hivyo mpaka mwalimu, pengine kwa kuchoka, akabadilisha swali na kumuuliza kama ataanguka tena kwenye theluji. Akakataa kwa sauti hafifu. Akaachiliwa.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Katika shule moja ya msingi niliyosoma kulikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye kamba, tulikiita diski. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani siku zile za Kiingereza pekee alivishwa diski shingoni, naye akatega masikio mpaka amnase mwingine. Jioni waliopitiwa na diski walipangwa mstari. Mimi nilivishwa nikiwa darasa la tano kwa neno moja la Kikamba lililonitoka nilipoumwa na nyuki. Nyuki mwenyewe hakuulizwa ametumia lugha gani. Nyanya yangu nilipomweleza alishangaa kidogo tu, akasema enzi za baba yangu kilikuwako, na kabla ya baba pia. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya jambo hilohilo enzi za mkoloni. Kwa hiyo huyu mtoto wa Dakota wa mwaka 1884 nilimwelewa hata pale ambapo kitabu hakikueleza.

Lakini tusidhani alikuwa kondoo. Siku moja jikoni aliamriwa kuponda tanipu, mboga ya mizizi ambayo hakuweza kuvumilia hata harufu yake. Alishika mti wa kupondea, akaponda kwa hasira zote za mwaka mzima mpaka kitako cha chombo kikatoka na tanipu zikamwagika sakafuni. Hakuna aliyekula tanipu siku hiyo. Alikemewa, lakini aliondoka jikoni moyo wake ukiimba.

Baada ya miaka mitatu alirudishwa nyumbani, mwaka 1887, na hapo ndipo alipogundua hasara halisi. Nyumbani alikuwa mgeni. Hakuwa mtoto tena wala mtu mzima, hakuwa wa porini wala wa mjini. Mama, kwa kumwonea huruma, alimpa Biblia iliyotafsiriwa kwa lugha yao aisome apate faraja, kwa sababu mama mwenyewe hakuwahi kuingia shuleni na hakujua la kumwambia binti anayesoma. Binti hakuitaka. Alikaa miaka hiyo akilia usiku, kisha akarudi mashariki kumalizia masomo. Alihitimu mwaka 1895. Mama alimtaka arudi nyumbani, yeye akajiunga na chuo cha Earlham, katika mji wa Richmond, Indiana. Mama alikasirika, na binti akaenda bila baraka zake.

Chuoni alikuwa peke yake kati ya Wazungu. Alipiga fidla na piano kwa ustadi, na alijua kusema. Mwaka 1896 alishinda shindano la hotuba chuoni, akatumwa kuwakilisha chuo katika shindano la jimbo zima mjini Indianapolis. Alipopanda jukwaani, wanafunzi wa chuo kingine waliinua bango kubwa lenye picha na neno la kuwadharau wanawake wa kabila lake. Alipiga moyo konde akasema hotuba yake hadi mwisho. Akatangazwa wa pili katika jimbo. Bango likashushwa. Yeye anasema alipofika chumbani usiku ule ushindi haukuwa na ladha, kwa sababu alimfikiria mama yake kule mbali akiwa amemkasirikia.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka 1897 aliacha chuo kwa sababu ya ugonjwa, akaenda kufundisha katika shule ya Carlisle huko Pennsylvania. Carlisle ndiyo iliyokuwa mama wa shule zote za bweni za wenyeji. Ilianzishwa mwaka 1879 na mwanajeshi, Richard Henry Pratt, na nia yake hakuificha: alitaka kuua kila kilicho cha kienyeji ndani ya mtoto ili mtu abaki. Watoto zaidi ya 180 walizikwa katika makaburi ya shule hiyo, mbali na kwao. Ndipo Zitkala-Ša alipoajiriwa! Yeye aliyefungwa kwenye kiti sasa amesimama mbele ya darasa, upande wa wenye mkasi. Tena Pratt alimtuma Dakota akawalete watoto zaidi, kama wale wamisionari walivyokuja na habari za matofaa.

Alifika kwao, akamkuta mama maskini, nyumba inavuja, kaka yake amefukuzwa kazi ya ukarani iliyopewa Mzungu, na walowezi wakisogea kila mwaka. Usiku mama alimwonyesha taa za walowezi zilizowaka vilimani, zote kwenye ardhi ambayo juzijuzi tu ilikuwa yao. Aliporudi Carlisle hakuweza tena kutulia. Mwaka 1899 aliondoka, akaenda Boston kusomea fidla, na huko akashika kalamu.

Kuanzia Januari hadi Machi 1900, gazeti kubwa la Atlantic Monthly lilitoa makala yake matatu. Habari zote nilizowasimulia, za kengele, mkasi, theluji na tanipu, zimo humo. Watu wa Marekani walikuwa wamezoea kuonyeshwa picha mbili za mtoto wa Carlisle, ya kabla na ya baadaye: kwanza na blanketi na nywele ndefu, halafu na suti. Hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto wa kwenye picha. Sasa mmoja wao alikuwa amejibu, kwa Kiingereza safi kuliko cha wengi waliomfundisha. Gazeti la shule ya Carlisle lilimshambulia, likasema hana shukrani. Hata leo neno hilo halijazeeka. Mwanafunzi akilalamika huambiwa hana shukrani.

Na ndipo alipotia sahihi kwa jina la Zitkala-Ša. Katika ugomvi wa nyumbani shemeji yake, mke wa kaka, alimwambia aache kutumia jina la Simmons kwa kuwa ameitupa jamii yake kwa ajili ya masomo. Basi akaliacha. Akajitafutia jina katika Kilakota, lugha ndugu na yao, jina ambalo hakuna mume, baba wala mwalimu aliyempa.

Mwaka 1901 kilitoka kitabu ambacho ndicho sababu ya mimi kumchagua. Kinaitwa Old Indian Legends, na kina hadithi 14, nyingi zikiwa za Iktomi. Ni hadithi zilezile za jioni kando ya moto. Alikuwa amerudi kwao kuzisikiliza tena kwa wazee na kuziandika. Picha zilichorwa na Angel De Cora, msanii wa kabila la Ho-Chunk ambaye naye alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo. Sasa sikilizeni jambo la ajabu: kampuni iliyokichapisha, Ginn ya Boston, ilikuwa kampuni ya vitabu vya shule. Yaani Iktomi, yule ambaye lugha yake ilipigwa marufuku mlangoni, aliingia darasani kwa mlango wa mbele akiwa amevaa jalada. Na hakuziandikia watoto wa wenyeji peke yao. Katika utangulizi alieleza kwamba hadithi hizi ni mali ya mtoto wa Kizungu mwenye macho ya buluu vilevile, kwa sababu wote ni watoto wa nchi moja.

Niwape moja kwa ufupi, kwa maneno yangu. Iktomi ana njaa. Anawaona bata wakicheza ngoma ziwani, naye anapita na mzigo mgongoni, anajifanya ana haraka. Bata wanauliza amebeba nini. Anasema ni nyimbo. Bata, kwa kupenda ngoma, wanamwomba aimbe. Anajenga kibanda cha majani, anawaingiza, anawaambia kwamba sharti la ngoma hii ni kufumba macho, atakayefumbua macho yake yatabaki mekundu milele. Bata wanacheza, Iktomi anaimba huku anawavunja shingo mmoja mmoja. Mmoja anachungulia, anapiga kelele, waliobaki wanaruka wakaponea chupuchupu. Iktomi anakoka moto afurahie nyama, lakini mti ulio karibu unasaga matawi na kumkera. Anapanda kuunyamazisha, ananaswa. Mbwamwitu wanapita, wanakula nyama yote, naye anatazama kutoka juu.

Mwalimu wetu wa fasihi angesema hii ni hekaya ya mjanja kujinasa, na angetoa alama mbili. Sawa. Lakini fikirieni mtoto wa Dakota katika shule ya mwaka 1901, aliyeambiwa kila siku kwamba nyimbo anazoletewa ni nzuri, afumbe macho tu acheze. Hadithi hii ingemwambia mengine. Sidai kwamba mwandishi alikusudia hivyo. Nasema tu kwamba mimi ndivyo nilivyoisoma.

Bei ya kitabu nayo tuitaje. Hadithi zilitoka Kidakota zikaingia Kiingereza, lugha iliyomchapa. Asingefanya hivyo zisingefika darasani hata kidogo, wala mimi nisingezisoma huku Kenya. Lakini mama aliyemlaza mtoto pajani azisikilize hakuweza kuusoma hata ukurasa mmoja. Nimegeuza jambo hili kichwani mara nyingi na sijaona namna ya kulinyoosha.

Maisha yake ya baadaye nitayapita upesi, si kwa kuwa ni madogo bali ni siasa nyingi. Mwaka 1902 aliolewa na Raymond Bonnin, Myankton mwenzake, wakapata mtoto mmoja wa kiume na kuishi miaka mingi Utah kati ya Waute. Huko alishirikiana na William Hanson, mwalimu wa muziki, kutunga mchezo wa kuimba juu ya Ngoma ya Jua, ibada ambayo serikali ilikuwa imeipiga marufuku. Ulionyeshwa mjini Vernal mwaka 1913. Baadaye walihamia Washington, akawa katibu wa Chama cha Wenyeji wa Marekani na mhariri wa gazeti lake. Mwaka 1921 makala yake ya zamani yalikusanywa katika kitabu American Indian Stories. Mwaka 1924 alishiriki kuandika ripoti iliyofichua jinsi wenyeji wa Oklahoma walivyoibiwa mashamba yenye mafuta na watu walioteuliwa kuwa walezi wao, wengine wao watoto yatima. Mwaka huohuo wenyeji wote walipewa uraia wa Marekani, jambo alilolipigania. Fikirieni, wenye nchi wanapewa uraia wa nchi yao! Mwaka 1926 yeye na mume wake walianzisha Baraza la Taifa la Wenyeji wa Marekani, naye akawa rais wake hadi kufa.

Kosa lake pia nilitaje, maana maisha yasiyo na doa si ya binadamu. Alipigana kwa nguvu zote ili peyote ipigwe marufuku, mmea ambao wenyeji wengine waliutumia katika ibada zao. Yeye aliuona kama ulevi unaowamaliza watu. Wenzake walimwona anashirikiana na serikali kuizima dini ya wenyewe, na hapo mimi niko upande wao. Aliyelilia nywele zake alipaswa kujua.

Alifariki tarehe 26 Januari 1938 mjini Washington akiwa na miaka 61, akazikwa Arlington, makaburi ya wanajeshi, kwa kuwa mume wake alikuwa kapteni. Baadaye alisahauliwa. Vitabu vyake vilichapishwa upya mwaka 1985, na tangu hapo vimo katika mikusanyiko ya fasihi inayosomwa shuleni na vyuoni Marekani. Majimbo nayo yalianza kugeuka polepole. Montana, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 1999 kwamba kila mwanafunzi, mwenyeji na asiye mwenyeji, afundishwe habari za makabila ya huko, na kwamba makabila yenyewe yashirikishwe katika kuandaa mafunzo. Tarehe 25 Oktoba 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, aliomba radhi hadharani kwa ajili ya shule za bweni. Mwaka huo ndio iliyotoka ile sarafu ya robo dola, Zitkala-Ša amevaa mavazi ya kwao, mkononi kitabu. Sijui mama yake angesema nini juu ya hilo, kupigwa chapa kwenye pesa za wale waliokuwa na deni lake.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa nyanya na daftari. Kwenye silabasi tunafundishwa hurafa, mighani, ngano za mtanziko, majina yote tunayajua, lakini nilipojiuliza ni ngano ngapi za nyumbani kwetu ninazoweza kusimulia tangu mwanzo hadi mwisho, nilipata moja na nusu. Nyanya alisimulia nne jioni tatu, nami niliandika kwa Kikamba. Kuandika Kikamba kulinishinda mara kwa mara, kwa maana sikuwahi kufundishwa tangu nilipotoka darasa la tatu. Nyanya hasomi. Kwa hiyo usiku wa mwisho nilimsomea nilichoandika, ile ya sungura na fisi kwenye shamba la kunde. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akaniambia nimeharibu, wimbo wa fisi nimeuacha, na bila wimbo fisi hawezi kujulikana kama analia au anacheka. Akaimba. Nikafungua daftari upya.